SOMO: ALIYE NJE YA UZIO NI MTOTO WA NANI?



Katika somo hili hatusomi sheria wala ripoti. Tunasoma riwaya iliyoandikwa kwa ajili ya vijana wa Marekani, na habari yake ni ya kutisha: dunia imeharibika, wafu wameinuka, na watu wachache waliobaki hai wanaishi ndani ya uzio. Najua wengine kati yenu watauliza: sisi tuliokimbia Kabambare kwa miguu, tunaolala watu sita ndani ya chumba kimoja, tuna kazi gani na hadithi za wafu? Mimi pia niliuliza hivyo. Kisha niliwasimulia vijana wa kundi letu huku Wamaza, na maswali yao yalinifundisha kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Lengo la somo: kuwasaidia wazazi, viongozi na vijana kuzungumza juu ya watu wawili ambao vita hutuachia, na ambao tunaona vigumu kuwataja. Wa kwanza ni yule aliyerudi kutoka msituni. Wa pili ni yule aliyekimbia na kuwaacha wengine nyuma.

KITABU CHENYEWE

Kitabu kinaitwa Rot & Ruin. Mwandishi wake ni Jonathan Maberry, Mmarekani, na kilitoka mwaka 2010. Ni cha kwanza katika mfuatano wa vitabu vinne. Vingine vitatu vilitoka mwaka 2011, 2012 na 2013. Mimi nilikisoma kwa Kiingereza, nikakisimulia kwa Kiswahili chetu, sura chache kila Jumamosi alasiri, chini ya mwembe.

Hadithi yenyewe ni hii. Miaka kumi na minne imepita tangu usiku ule ambao wafu waliinuka na kuanza kuwashambulia walio hai. Kila aliyeumwa alikufa, kisha akainuka naye. Mji mdogo unaoitwa Mountainside, katika milima ya California, umejizungushia uzio. Ndani ya uzio kuna shule, soko na mgao wa chakula. Nje ya uzio ni nchi ya wafu.

Benny Imura ni kijana wa miaka kumi na mitano. Kwa sheria ya mji wao, kijana akifika umri huo lazima apate kazi, la sivyo mgao wake unakatwa nusu. Benny anajaribu kazi nyingi na zote zinamshinda. Mwishoni anakubali, bila kupenda, kujifunza kazi ya kaka yake Tom, ndugu yake wa baba mmoja. Tom ni mtu anayetoka nje ya uzio kwenda kuwakabili wafu kwa malipo.

Lakini Benny anamdharau kaka yake. Usiku ule wa kwanza yeye alikuwa mtoto mchanga, na anakumbuka jambo moja tu: mama yake akipiga kelele, akimweka mikononi mwa Tom, na Tom akikimbia. Kwa hiyo moyoni mwake amekwisha kukata hukumu: kaka yangu ni mwoga, alimwacha mama yangu afe.

Mashujaa wa Benny ni wengine. Ni Charlie na wenzake, wawindaji wa wafu, wenye misuli na masimulizi makubwa. Picha zao zinachapwa kwenye kadi ambazo watoto wa mji wanakusanya na kubadilishana. Picha za wafu nazo zinachapwa kwenye kadi hizo hizo, kama vitu vya kuchezea.

Benny anapotoka nje na Tom kwa mara ya kwanza, anaona asilolitegemea. Tom hawindi wafu kwa furaha. Jamaa wa marehemu ndio wanaompa kazi. Wanamweleza huyo ndugu yao alikuwa nani, wanaandika barua ya kumwaga, na Tom anakwenda kumtafuta. Akimpata anamsomea barua ile, kisha anamlaza kwa heshima. Charlie na watu wake, kinyume chake, wanawatesa wafu kwa mchezo. Baadaye inajulikana kwamba wanafanya vibaya zaidi: wanawakamata watoto walio hai na kuwapeleka mahali ambapo wanalazimishwa kupigana na wafu, na watu wazima wanaweka pesa kubahatisha nani atapona.

Mwisho wa hadithi sitausema wote. Naomba mshike jambo hili moja: katika kitabu hiki, hatari kubwa haikuwa mfu aliye nje ya uzio. Hatari kubwa ilikuwa mtu aliye hai, anayesifiwa ndani ya uzio.

NENO «ZOMBI» LINATOKA WAPI?

Wafu wa namna hii huitwa zombi. Vijana wetu wanawajua kwa sinema zinazoonyeshwa katika vibanda vya video. Wanafikiri ni jambo la Wazungu. Siyo hivyo. Neno lilitoka Haiti, nchi ambako Wafaransa walipeleka watumwa wengi sana kutoka Afrika, na wengi wao walitoka katika nchi ya Kongo. Wataalamu wengi wanalihusisha na maneno ya Kikongo kama nzambi. Katika imani ya Haiti, zombi hakula watu. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa nia yake, akafanyishwa kazi na bwana wake bila kupumzika hata baada ya kufa. Kwa mtumwa, hilo ndilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko yote. Sinema za Marekani ndizo zilizombadilisha, hasa tangu mwaka 1968, akawa mfu mwenye njaa anayekimbiza watu.

Ndugu zetu wa Tanzania wana neno lao, msukule: mtu anayesemekana amekufa na kuzikwa, kumbe amefichwa na mchawi, analima shamba la mwingine usiku na kulishwa pumba. Na sisi wa Kasongo, tusisahau tunaishi wapi. Mji huu ulikuwa kituo kikuu cha Tippu Tip na wafanyabiashara wenzake wa pembe na watumwa, mpaka majeshi ya Dhanis yalipouteka mwaka 1893. Watu waliopita hapa wakiwa wamefungwa shingoni walihesabiwa pamoja na mizigo. Kwa hiyo mawazo ya mtu aliye hai lakini hahesabiwi tena kuwa mtu siyo mageni kwetu.

FUNDISHO LA KWANZA: JINA LINAWEZA KUUA KABLA YA PANGA

Watu wa Mountainside hawatumii majina ya wafu. Wanawaita kwa jina moja la dharau, wote. Ukishamwita mtu hivyo, huulizi tena mama yake ni nani. Ndani ya kitabu kuna watawa wachache wanaoishi nje ya uzio, na wao wanawaita wafu hao watoto wa Lazaro. Wafu ni wale wale, lakini jina limebadilika, na mwenendo wa watawa kwao umebadilika pia.

Sisi wa Maziwa Makuu tunajua nguvu ya jina. Mwaka 1994 katika Rwanda, redio RTLM iliwaita watu inyenzi, maana yake mende. Mende haombolezwi. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa huko Arusha iliwahukumu watu waliohusika na redio hiyo pamoja na gazeti moja, kwa sababu maneno yao yalikuwa sehemu ya mauaji.

Sasa niwaeleze jambo lililotokea kwetu. Sitataja jina wala kijiji. Katika kundi letu kuna kijana aliyechukuliwa na kundi lenye silaha akiwa mdogo. Jamaa yake walingoja. Habari ikaja kwamba ameuawa. Wakalia, wakakaa matanga, wakagawa nguo zake kwa wadogo zake. Baada ya miaka miwili akarudi kwa miguu yake, akawakuta kwenye eneo la wakimbizi wa ndani. Watoto walikimbia. Tangu siku ile wakamwita Mfu. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Kisha hakuna aliyetaka kukaa karibu naye kanisani wala msikitini, wala kuchota maji baada yake.

Jumamosi moja, nilipomaliza kusimulia jinsi Tom anavyomsomea mfu barua, kijana yule aliinua mkono. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya kundi. Akauliza: «Na kama yule mfu angeweza kujibu, wangemsikiliza?»

Hakuna aliyecheka. Nami sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaliuliza swali lake kwa wazee, na tuliliuliza.

Viongozi, kumbukeni sheria iko upande wa mtoto huyu. Kanuni za Paris za Februari 2007 zinasema mtoto aliyekuwa katika kundi la silaha atazamwe kwanza kama aliyetendewa ubaya. Sheria ya nchi yetu juu ya ulinzi wa mtoto, nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kuingiza mtu yeyote chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi la silaha, na anayefanya hivyo anastahili kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mwenye kosa ni aliyemchukua. Lakini sheria haiwezi kumkalisha mtoto kwenye sahani moja na baba yake mdogo. Kazi hiyo ni yetu.

Katika kijiji kile wazee walifanya jambo la hekima. Walisema: tuliweka matanga, basi lazima tuyaondoe. Waliita jamaa na majirani. Mama yake akasimama, akalitaja jina lake kamili, jina la babu yake, na siku aliyozaliwa. Chifu akasema mbele ya wote kwamba kuanzia siku hiyo, anayemwita Mfu atajibu barazani. Nguo hazikurudishwa, maana zilikuwa zimechakaa. Walimpa shati jipya. Sitaki kuwadanganya kwamba yote yalikwisha: baba yake mdogo hakuja siku ile, na mpaka leo hali naye. Lakini kijana anachota maji pamoja na wengine, na anaitwa kwa jina lake.

FUNDISHO LA PILI: ALIYEKIMBIA SIYO LAZIMA NI MWOGA

Baadaye Benny anaujua ukweli. Usiku ule mama yake alikuwa ameumwa tayari. Alijua atageuka. Kwa nguvu yake ya mwisho alimweka mtoto mikononi mwa Tom, akamsihi akimbie. Tom angebaki, wangekufa wote watatu. Alikimbia kwa kutii, akaubeba mzigo wa kuitwa mwoga kwa miaka kumi na minne, na hakuwa na maneno ya kumweleza mdogo wake.

Hapa nilishindwa kuendelea kusoma kwa muda. Mwaka 1998 vita vilipotufikia nilikuwa na miaka minane. Kaka yangu alinibeba mgongoni, tukaingia msituni, na bibi yetu alibaki nyumbani. Hatukumwona tena. Nilikua nikijua moyoni kwamba kaka alimwacha. Sikumwambia, lakini nilimjibu kwa ukali kila siku, na yeye alinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kumaliza chuo kikuu siku niliyomuuliza hatimaye. Akaniambia: bibi ndiye aliyenifunga mgongoni kwake kwa kitenge chake mwenyewe, akamwambia, «Nenda, miguu yangu haitafika, usinifanye nione mnakufa.» Kaka alikuwa na miaka kumi na minne.

Wandugu, katika nyumba zetu kuna vijana wengi wanaowatazama wazazi wao kama Benny alivyomtazama Tom. Wanajiuliza: kwa nini baba hakurudi kumchukua dada? Kwa nini mama alinibeba mimi na siyo mdogo wangu? Hawaulizi, kwa sababu ya heshima. Wazazi hawasemi, kwa sababu ya uchungu. Katikati yao linakua chuki lisilo na jina. Na wapiganaji wanaotafuta vijana wanajua njia hiyo. Wanamwambia mtoto: baba yako alikimbia, wewe uwe mwanaume. Ndivyo Charlie alivyopendwa na watoto wa Mountainside.

Mzazi, usingoje mtoto aulize. Tafuta saa ya utulivu, umsimulie ulichoweza na usichoweza kufanya siku ile. Huhitaji kujisafisha. Sema ilivyokuwa.

MAPUNGUFU YA KITABU

Mwalimu mwema hasifu tu. Kitabu hiki kina mambo mawili ambayo kundi letu halikuyapenda.

La kwanza: mwandishi anatufundisha tusimfanye mfu kuwa kitu, lakini Charlie na wenzake anawaacha wawe waovu watupu. Hatuambiwi walilelewaje wala nani aliwaumiza. Kesi yao inaishia katika mapigano, siyo mbele ya baraza wala mahakama. Msichana mmoja alisema: «Hata hao wana mama zao.» Alisema kweli. Kitabu kinachotaka tuulize «ni mtoto wa nani» kilipaswa kuuliza hivyo kwa wote, kisha waovu wahukumiwe kwa haki. Kusamehe bila haki hatukubali, na kuua bila hukumu pia hatukubali.

La pili: uzio wenyewe. Mji ule una chakula na usalama kidogo, lakini hauna mpango wa mgeni anayebisha hodi. Familia nyingi za Kasongo zilizofungua milango yao na kugawana sombe na bugali na watu wasiowajua zingekuwa na jambo la kumfundisha mwandishi huyu.

TAHADHARI KWA ANAYEONGOZA SOMO

1. Sema tangu mwanzo, na urudie, kwamba hii ni hadithi ya kubuni. Wafu hawainuki kuuma watu. Katika sehemu zetu neno kama hili linaweza kugeuka haraka kuwa tuhuma ya uchawi. Sheria ile ile ya 2009 inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

2. Kitabu kina damu na vifo vingi. Usiwasimulie watoto walio chini ya miaka 13. Sehemu za mauaji zifupishe. Kinachotufaa ni mazungumzo, siyo hofu.

3. Simulia mchana, mahali pa wazi, siyo usiku. Awepo mama au baba mmoja anayeaminika, ambaye kijana anaweza kwenda kwake akizidiwa.

4. Usimlazimishe mtu yeyote kusema yaliyompata. Anayetaka kuondoka aondoke bila kuulizwa. Anayelia asinyamazishwe kwa haraka.

5. Wasichana wapewe pia saa yao peke yao na mwongozaji wa kike. Kuna mambo waliyoyapata msituni ambayo hawatayasema mbele ya wavulana.

6. Usitaje kamwe kisa cha kijana aliyepo kama mfano, isipokuwa ameomba mwenyewe. Mimi nimepewa ruhusa na kijana yule na mama yake kuandika niliyoyaandika hapa.

KAMA HAMNA KITABU

Msijali. Wengi wetu hatutakipata. Muhtasari uliopo hapo juu unatosha kwa mikutano mitatu. Mkutano wa kwanza, simulieni juu ya mji na uzio. Wa pili, simulieni juu ya Tom na barua. Wa tatu, simulieni juu ya mama na usiku ule. Katika mkutano wa pili kila kijana anaweza kuandika, au kumwambia mwenzake anayejua kuandika, barua fupi kwa mtu ambaye hakupata nafasi ya kumwaga. Barua hizo hazisomwi na mtu mwingine. Sisi tulizifukia pamoja chini ya mwembe, na wazee wa dini zote mbili walituombea.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Kwa vijana:
1. Benny alimwona Charlie kuwa shujaa. Nani wanasifiwa na vijana wa kwetu, na kwa matendo gani?
2. Kuna mtu kati yetu ambaye jina lake halisi hatulitumii? Ni nani aliyeanza kumpa jina lile jingine?
3. Kuna swali gani ungependa kumwuliza mzazi au kaka yako juu ya siku mliyokimbia?

Kwa wazazi:
4. Nini kinakuzuia kumsimulia mtoto wako yaliyotokea? Nani anaweza kukaa nawe siku utakapomsimulia?

Kwa machifu, viongozi wa dini na wakuu wa shule:
5. Kijana akirudi leo kutoka msituni, nani wa kwanza kumpokea? Analala wapi usiku wa kwanza? Anaingia darasa gani?
6. Desturi yetu ina njia nyingi za kumlilia aliyekufa. Ina njia gani ya kumpokea aliyedhaniwa amekufa? Kama haipo, wazee wanaweza kukubaliana juu ya ipi?
7. Wenyeji na wakimbizi wa ndani wanaitanaje katika kijiji chenu? Ni majina gani mnataka yaachwe kuanzia wiki hii?

NENO LA MWISHO

Baada ya mkutano wetu wa tatu, kijana yule alinisaidia kubeba viti. Njiani nilimwuliza kama amepata jibu la swali lake. Alifikiri, akasema: «Wazee wamenisikiliza. Bado baba mdogo.» Kisha akaniuliza kama kitabu cha pili kipo.

Kipo. Tumekwisha kukiagiza. Lakini kabla hakijafika, nimemwomba chifu twende pamoja, yeye na mimi na mama wa kijana, tumtembelee baba mdogo nyumbani kwake. Hatuendi kumhukumu. Naye alimlilia mtoto yule, na hakuna aliyemwuliza bado matanga yale yalimgharimu nini. Tunakwenda kumsikiliza.

Wandugu, fanyeni somo hili huko mliko, kisha tuelezeni maswali ambayo vijana wenu wameuliza. Tutayachapa katika matoleo yajayo, bila majina. Amani ianze nyumbani.